Bagamoyo, Bandari ya Njia Iliyofika Hadi Kwetu

Kwetu Ituri watu husali, huuza, hununua, na hata hugombana kwa Kiswahili. Nyumbani huyu asema Kilendu, yule Kinyali, mwingine Kialur au Kibira. Lakini wakikutana sokoni Nizi, au wakipiga magoti pamoja kanisani, husemezana kwa Kiswahili. Watoto wetu hudhani ya kuwa lugha hii ilikuwapo siku zote, kama milima ilivyo. Sivyo. Ilikuja kwa miguu, pamoja na watu waliotwishwa mizigo, kutoka bahari ya Hindi. Na mlango mmoja mkubwa wa njia ile ulikuwa mji wa Bagamoyo, katika nchi iitwayo leo Tanzania.

Mwaka 2019 nilijaliwa kuuona mji huo kwa macho yangu. Tuliondoka nyumbani makatekista watatu mwisho wa mwezi wa Mei, tukapita Mahagi. Mpakani tulinawishwa mikono na kupimwa joto la mwili, kwa sababu mwaka ule ugonjwa wa Ebola ulikuwa Ituri. Tarehe 3 Juni tulisali Namugongo pamoja na umati wa mahujaji, siku ya Wafiadini wa Uganda. Wenzangu wawili wakarudi. Mimi padri mmoja rafiki alikuwa amenilipia nauli, akaniambia, "Wewe hufundisha wengine jinsi imani ilivyokuja. Nenda ukaone mahali ilipopita." Basi nikapanda gari kwenda Dar es Salaam, na kutoka pale kwenda Bagamoyo, mwendo wa kilomita 70 hivi upande wa kaskazini.

Ufukoni

Asubuhi ya kwanza nilishuka ufukoni. Maji yalikuwa yamekupwa, na vyombo vya wavuvi vimelala ubavu mchangani. Watu walikuwa wakinadi samaki, na moshi wa mafuta ya kukaangia ulitanda. Kando kidogo, chini ya kivuli cha makuti, mafundi watatu walikuwa wakitengeneza mashua. Mmoja, mzee mwenye mvi, alikuwa akichonga ubao kwa tezo. Nikamkaribia nikasema, "Jambo, mzee," kama tusemavyo kwetu.

Akanitazama, akacheka. "Wewe mgeni, mwanangu. Hapa kijana humwambia mzee shikamoo."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Watoka wapi?"

Nikamwambia natoka Kongo, pande za Ituri, karibu na Ziwa Albert. Akaweka tezo chini. "Kongo," akasema. "Basi umerudi kwa njia ya babu zako. Karibu."

Neno lile lilinikaa moyoni siku zote nne nilizokuwa kule. Kwanza nilitaka kumjibu ya kuwa babu zangu hawakuwahi kuona bahari. Lakini nikajiuliza: najuaje?

Mzee yule alinionyesha kazi yake. Mbao za mashua hushikizwa penye mataruma kwa misumari. Katikati ya ubao na ubao fundi husindika pamba iliyolowekwa mafuta, akiigongagonga kwa patasi butu hata mshono usipitishe tone la maji. Kazi hiyo huitwa kutia kalafati. Tundu hutobolewa kwa keekee, chombo kizungushwacho kwa uta, na mzee alikitumia ingawa kijana wake alikuwa na mashine. Hana karatasi iliyochorwa umbo la chombo. Kipimo kimo machoni pake na katika urefu wa mkono wake. Alikipokea kwa baba yake, na sasa anampa mjukuu. Nikamwuliza, "Mjukuu akikosea je?" Akanijibu, "Namwachia akosee kwenye ubao mdogo."

Jina la mji

Watu wa kale wa pande zile hawakukaa pale mji ulipo leo. Mwendo wa saa moja hivi kwa miguu upande wa kusini kuna magofu ya Kaole: msikiti wa mawe wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Bagamoyo wenyewe ulikua sana katika karne ya 19, kwa kuwa unaelekeana na kisiwa cha Unguja, na Sultani wa Unguja ndiye aliyetawala biashara ya pwani yote.

Juu ya jina lake watu wana maneno mawili. Wengine husema ya kuwa latoka katika "bwaga moyo", yaani pumzisha moyo: ndivyo walivyosema wapagazi walipofika pwani baada ya miezi mingi ya kubeba, wakatua mizigo yao na kuiona bahari. Wengine husema ni kilio cha mtumwa: "Hapa nabwaga moyo wangu, kwa sababu mwili wavushwa ng'ambo, na kwetu sitarudi." Wengi walioandika historia ya mji huelekea neno la wapagazi, kwa kuwa ndio waliokuwa wengi. Lakini wenyeji husimulia yote mawili, na mimi sioni sababu ya kuwakataza. Jiwe moja la ufuko ule laweza kuwa lilikaliwa na mtu aliyecheka na mtu aliyelia.

Njia ya pembe

Msomaji asifikiri ya kuwa kila mtu aliyepita Bagamoyo alifungwa mnyororo. Bandari kubwa ya kuvushia watumwa ilikuwa Kilwa, kusini. Bagamoyo ulikuwa kwanza mji wa pembe za ndovu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mtu mmoja alichukua frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi, begani au kichwani. Kwenda bara walibeba nguo za merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kurudi walibeba pembe. Njia ilipita Tabora mpaka Ujiji penye Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 1,000, na kutoka kule ilivuka ziwa ikaingia Manyema, katika Kongo yetu. Pembe zile zilipelekwa Unguja, kisha Bara Hindi, Ulaya na Marekani, zikafanywa vitana, vipini vya visu, na vibao vya kupigia piano.

Lakini biashara ya pembe iliburuta utumwa nyuma yake. Kijiji kilichokataa kutoa pembe kilichomwa moto, na watu wakakamatwa. Wengine walibebeshwa pembe zile zile zilizoporwa kwao. Wengine waligawiwa njiani, au kuuzwa Ujiji na Tabora. Na wengine wakafika pwani.

Njia hiyo haikuishia Manyema. Katika miaka ya 1880 watu wa pwani na wafuasi wao waliingia msitu wa Ituri. Mwaka 1887, Mwingereza Stanley alipopita msitu huo akielekea Ziwa Albert, alikuta kambi zao zimekwisha kujengwa. Mkubwa wa kambi moja aliitwa Ugarrowwa, wa nyingine Kilonga-Longa. Watu wao walizunguka vijijini kutafuta pembe na kuteka nyara wanawake na watoto. Ndugu, huko ni kwetu. Hiyo si habari ya nchi ya mbali.

Watu wale wa pwani walijiita waungwana, maana yake watu wasio watumwa, ingawa kwa kweli wengi wao walikuwa na mabwana zao Unguja au Bagamoyo. Kwa sababu hiyo Kiswahili cha Kongo kiliitwa Kingwana. Lugha tunayosalia ilipewa jina la uhuru na watu waliokuwa wakiwafunga wengine kamba shingoni. Nilipoyafikiri hayo mbele ya bahari, niliona aibu kidogo. Kisha nikawaza ya kuwa lugha haichagui mdomo unaoisema.

Siku moja ya Desemba

Jambo moja laifunga Ituri na Bagamoyo kwa tarehe na siku. Stanley alikuwa ametumwa kumtafuta Emin Pasha, liwali wa jimbo la Ekwatoria upande wa mto Nili, ambaye alikuwa amezibiwa njia kwa vita ya Sudani. Walikutana penye Ziwa Albert mwezi wa Aprili 1888. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 1889, msafara mkubwa uliondoka kwa mtemi Kavalli, katika nyanda za juu magharibi ya ziwa, nchi ambayo leo ni ya Ituri. Walikuwamo askari wa Emin, wake zao na watoto, wapagazi wa Unguja, na watu wa nchi zetu walioshikwa kubeba mizigo. Wengi walikufa kwa homa na njaa, wengine waliachwa njiani. Waliobaki waliingia Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889.

Jioni ile Wajerumani waliwafanyia karamu katika nyumba ya ghorofa. Emin, ambaye macho yake hayakuona vizuri, alianguka kutoka juu mpaka njiani, akaumia vibaya kichwani. Alipona, akarudi bara, na mwaka 1892 aliuawa katika msitu wa Kongo kwa amri ya mfanyabiashara mmoja wa watu wale wa pwani. Vitabu vimeandika anguko la bwana mkubwa huyo kwa urefu. Wapagazi wa Ituri hawakuandikiwa hata majina. Sasa nafahamu neno la mzee fundi. Huenda babu wa mtu fulani wa kwetu alisimama katika mchanga ule, akashangaa maji yasiyo na ng'ambo, na hakuna aliyemwuliza aitwa nani.

Misioni

Kutoka mjini hadi misioni ni mwendo mfupi, nawe unapita katikati ya miembe mikubwa iliyopandwa safu mbili. Ufukoni umesimama msalaba, ukielekea bahari.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa Unguja tangu mwaka 1863. Kule walinunua watoto sokoni kwa fedha za sadaka kutoka Ulaya, wakawaacha huru na kuwafundisha. Kisiwani nafasi ilikuwa ndogo, basi mwaka 1868 Padre Antoine Horner alivuka akaanzisha misioni Bagamoyo, katika shamba walilopewa kwa ruhusa ya Sultani Majid. Masista Binti za Maria, kutoka kisiwa cha Réunion, wakaja kuwatunza wasichana na wagonjwa. Misioni ikawa na shule, karakana, mashamba, na kijiji cha waliokombolewa: vijana walipokua walioana, wakapewa nyumba na kipande cha shamba.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Kipindupindu kiliua watu wengi wa pwani mwaka 1869 na 1870. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kuu ikaangusha majengo karibu yote. Wakajenga tena. Katika makaburi ya misioni nilisoma miaka ya mapadre, mabradha na masista, na wengi walikuwa na umri kama wangu au chini yake. Homa haikungoja mtu azeeke.

Tusifiche ukweli lakini. Maisha katika kijiji kile yaliendeshwa kwa kengele. Waliokombolewa walifanya kazi nyingi katika mashamba ya misioni, waliolewa mapema, na sheria zilikuwa kali. Baadhi yao walitoroka. Mtu aweza pia kuuliza: je, kumnunua mtu, hata kwa kumkomboa, hakumtajirishi muuzaji? Swali hilo ni la haki. Mapadre walitaka uhuru wa watu hao kwa moyo, nao walifikiri ya kuwa wajua kuliko wao uhuru huo uweje. Kosa hili laweza kutupata sisi makatekista pia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa kabisa kwa sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922.

Na bado, kutoka kwa watoto wale wa sokoni wakatoka waalimu wa dini. Mwaka 1877 misioni ya kwanza ya bara ilipoanzishwa Mhonda, mapadre walikwenda pamoja na Wakristu wa Bagamoyo, mume na mke, ili jirani waone nyumba ya Kikristu ilivyo. Mwaka mmoja baadaye, 1878, Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie walianza safari pale pale Bagamoyo. Padre Lourdel na Bradha Amans wakafika Uganda mwezi wa Februari 1879, na wale waliobatizwa kule ndio baadaye waliokufa kwa imani Namugongo. Mapadre wa shirika lile lile ndio waliolihubiri Injili pande zetu. Vikariati ya Ziwa Albert ikafanywa mwaka 1933, na mwaka 1959 ikawa jimbo la Bunia. Ukifuata uzi huu nyuma, kutoka kanisa la Nizi, utafika ufukoni.

Kwenye mnara wa kanisa la kwanza nilikaa muda mrefu. Mwezi wa Februari 1874 mwili wa Livingstone ulilazwa hapo usiku mmoja kabla ya kuvushwa Unguja. Alikuwa amekufa tarehe 1 Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Susi na Chuma, pamoja na wenzao, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu miezi tisa hivi. Chuma alikuwa ametolewa utumwani alipokuwa kijana. Livingstone hakuwa Mkatoliki, lakini mapadre walimfungulia mlango. Hilo nalo ni fundisho.

Mnyororo wa mbuyu

Karibu na misioni kuna mbuyu mnene sana, na katika shina lake imetokeza pete chache za mnyororo uliomezwa na mti. Nilipouona nilivua kofia. Nilidhani, kama wageni wengi, ya kuwa watumwa walifungwa hapo. Nikaanza hata kuliombea lile lililofanyika.

Kijana aliyenitembeza akangoja nimalize, kisha akasema kwa upole, "Kaka, wasimulia ya kuwa huo ulikuwa wa punda." Akanieleza habari za mama mmoja Mfaransa, Madame de Chevalier, aliyehudumia wagonjwa misioni. Alikuwa akimfunga punda wake hapo, na mnyororo ukasahauliwa mpaka mbuyu ukaumeza.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mtu akija na hadithi tayari moyoni, ataiona katika kila chuma. Minyororo ya watu ilikuwapo kweli, nami niliiona katika nyumba ya makumbusho, ile iliyojengwa kuwa nyumba ya masista. Mbuyu ule ni wa punda. Katika Ituri tumeona hasara ya kusimulia mambo bila kuuliza: huyu anasema kabila lile lilifanya hivi, yule anaongeza, na kesho panga linanolewa kwa ajili ya mnyororo wa punda.

Simu kutoka nyumbani

Jioni ya siku ya pili simu yangu ililia. Alikuwa mama watoto. Aliniambia ya kuwa vijiji vinachomwa, na watu wanakimbia. Wasomaji mnakumbuka mwezi ule wa Juni 2019, maelfu na maelfu ya watu wa Djugu walipoacha nyumba zao. "Uwanja wa kanisa umejaa," akasema. "Watu wamelala mpaka mlangoni. Nimewapa chumba chako na mkeka wako." Nikamwuliza ni watu gani. Akakasirika: "Ni watu, Baba Maria. Ni watu wenye watoto."

Sikulala usiku ule. Nilijiona mpumbavu kutembea kutazama mawe ya kale wakati watu wetu wanakimbia. Asubuhi nilikwenda kumwambia mzee fundi ya kuwa narudi nyumbani. Akaniambia gari langu ni la kesho, basi leo niende nikamalize nilichokuja kutazama. Kuketi na kulia hakufikishi mtu.

Nikaenda tena misioni, na hapo nikapata habari za mwaka 1888. Wajerumani walipotaka kutwaa utawala wa pwani, watu waliasi, wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Bagamoyo ulipigwa mizinga kutoka merikebu, nyumba zikateketea. Maelfu ya watu wakakimbilia misioni, na wengi wao hawakuwa Wakristu. Mapadre wakawapokea katika mashamba na majengo, wakati Padre Étienne Baur alikuwa mkubwa wa misioni. Abushiri alipigana na Wajerumani, lakini misioni ile hakuigusa. Alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, siku chache tu baada ya msafara wa Stanley kuingia Bagamoyo.

Nikawaona watu wale chini ya miembe: sufuria, mikeka, mbuzi, watoto wanaolia. Miaka 130 ilikuwa imepita, na uwanja ulikuwa ule ule. Nilipiga simu nyumbani nikamwambia mama watoto ya kuwa amefanya vema, na ya kuwa kazi yake ina mababu.

Mila zinazoishi

Bagamoyo haukubaki mji mkuu. Wajerumani walihamisha makao yao Dar es Salaam mwaka 1891. Na reli ilipojengwa kutoka Dar es Salaam, ikafika Kigoma mwaka 1914, misafara ya miguu ikakoma. Mji uliokuwa mlango wa bara ukasinzia. Nyumba nyingi za mawe zimebomoka, milango ya nakshi michache imebaki.

Lakini watu hawakuacha kuishi. Nunge bado wanavuna chumvi. Wavuvi hutoka na pepo za usiku. Tangu mwaka 1981 kuna chuo cha sanaa, ambacho sasa chaitwa TaSUBa, na vijana wa nchi nzima hujifunza pale ngoma, uchongaji na maigizo. Nilisikia ngoma zikipigwa mchana kutwa kama sisi tupigavyo jembe, yaani kwa kazi na kwa jasho.

Tena kuna habari ya mtu mmoja wa Kongo. Mtoto wa Manyema aliletwa Bagamoyo katika karne ya 19, akiwa mtumwa. Akaachwa huru, akafanya biashara, akasoma elimu ya Kiislamu mpaka akawa mwalimu mkubwa, kiongozi wa tarika ya Kadiria. Ndiye Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyeitwa Sheikh Ramiya. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe Muhammad akashika nafasi yake. Kwa vizazi vingi maulidi ya Bagamoyo yaliwavuta watu wa mbali. Dini yake si yetu, lakini nafurahi kulijua jina lake. Wale waungwana waliodharau watu wa bara wakiwaita washenzi walikuja kubusu mkono wa mtoto wa bara.

Hapo nilikumbuka bandari nyingine, Nagasaki, katika nchi ya Japani. Kule Ukristu ulipigwa marufuku mwaka 1614, mapadre wakafukuzwa au kuuawa. Mwaka 1865 Padre Petitjean alipokuwa katika kanisa jipya la Oura, walimjia wakulima wa Urakami wakamwambia kwa siri ya kuwa moyo wao na wake ni mmoja. Zaidi ya miaka 200 walikuwa wamebatizana wenyewe, wakahesabu siku za Kwaresima wenyewe, wakafundishana sala wenyewe, mzazi kwa mtoto. Hawakuwa na seminari. Walikuwa na watu kama mzee fundi, wanaokabidhi kipimo kwa mkono.

Kurudi

Siku ya mwisho nilikwenda kumuaga mzee. Mashua ilikuwa imekwisha kupakwa mafuta ya papa, na harufu yake ilifika mbali. Nikamwambia nimeona mengi, lakini sijui nitawaambia nini watu wangu, maana njia hii imeleta pembe, minyororo, lugha, na Injili, vyote pamoja.

Akasema, "Mwanangu, chombo hakiulizi kimebeba nini. Nahodha ndiye aulizwaye."

Nikapanda gari. Nilipofika Nizi, chumba changu kilikuwa na watu kumi na mmoja, nami nililala kwa jirani majuma kadhaa. Siku ya Jumapili, baada ya Misa, wazee wawili waliokimbia vijiji viwili visivyopatana walikuwa wamekaa chini ya mti mmoja, kila mmoja akitazama upande wake. Niliketi katikati nikaanza kusimulia habari za Bagamoyo, kwa Kiswahili, maana kwa lugha nyingine mmoja wao asingesikia. Nilipofika penye mnyororo wa punda, mmoja akacheka. Mwingine akakaza uso. Kisha akauliza, "Na punda alikwenda wapi?" Wakaanza kubishana juu ya punda.

Tangu hapo nafundisha historia hiyo kila mwaka kwa vijana wa Kipaimara, pamoja na yale yasiyotupendeza. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Nami naongeza: anayekumbuka nusu tu ya asili yake, bado mguu mmoja umo mnyororoni. Basi ndugu, ukisali Baba Yetu kwa Kiswahili jioni ya leo, wakumbuke waliobeba lugha hii begani mpaka kwetu bila kuandikwa majina. Na akija mtu mlangoni pako na mkeka kichwani, usimwulize kwanza ni wa kabila gani. Mpokee mzigo, autue.